Haki ya Kusimamisha Bendi

Muziki unaopigwa mbele ya watu huzua swali ambalo wahakiki wetu hulipita mbio, nalo ni la mwenye usiku: je, usiku ni wa bendi iliyoko jukwaani, ni wa mwenye ukumbi aliyetoza kiingilio, au ni wa shabiki aliyesafiri, akalipa na kusimama hadi kunakucha? Punk, yaani muziki wa gitaa wenye mwendo wa kasi, nyimbo fupi na sauti iliyoachwa makusudi bila kupambwa, ambao ulizuka New York na London katikati ya miaka ya 1970, ulipata sifa duniani kwa sababu ulilijibu swali hilo waziwazi: usiku ni wa aliye chini ya jukwaa kama ulivyo wa aliye juu yake. Makala haya yanadai kwamba jibu hilo lilikuwa limekwisha kutolewa, kwa njia tofauti na pengine iliyo bora zaidi, katika kumbi za Nyanza Kusini, na kwamba leo linanunuliwa polepole kutoka mikononi mwa shabiki mwenye kipato kidogo.

Wengi wanaoitaja punk hukumbuka nywele zilizosimamishwa na koti zilizochanika, wakasahau kilichokuwa na uzito. Kundi la Ramones lilitoa albamu yake ya kwanza mwezi Aprili 1976, na tarehe 4 Juni mwaka huohuo Sex Pistols walipiga katika ukumbi wa Lesser Free Trade Hall mjini Manchester mbele ya watu wachache sana, katika onyesho lililoandaliwa na vijana wawili, Howard Devoto na Pete Shelley, ambao walikuwa mashabiki kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Waliohudhuria usiku ule, wakiwemo Bernard Sumner na Peter Hook ambao baadaye walijulikana kwa Joy Division, walitoka humo wakiwa na hakika kwamba kilichofanywa jukwaani na wao wangekiweza. Mwezi Januari 1977 Devoto na Shelley, sasa wakiwa bendi ya Buzzcocks, walitoa wenyewe santuri yao kwa fedha za kukopa kwa jamaa na marafiki, nakala 1,000 kwa kuanzia, bila kupitia kampuni yoyote kubwa. Hicho ndicho kiini cha punk, kwamba umbali kati ya mpigaji na msikilizaji ni mfupi na unaweza kuvukwa usiku mmoja. Nairobi nayo imepata wana wa ukoo huo, na Crystal Axis, waliolitungia wimbo jengo la Nyayo House ambalo vyumba vyake vya chini vilitumika kuwatesa wapinzani wa serikali katika miaka ya 1980, wanatosha kuonyesha kwamba muziki huo ukifika Kenya haukosi la kusema.

Isebania haina bendi ya punk, wala hakuna haja ya kuibunia. Mji huu wa Kuria Magharibi, Kaunti ya Migori, umekaa pale barabara kuu ya A1 inapoingia Tanzania, ukitazamana na Sirari ya Tarime kwa karibu kiasi kwamba mgeni asiyeliona geti la forodha anaweza kununua soda upande mmoja na kuinywea upande wa pili. Shilingi mbili zenye thamani tofauti hupokelewa katika duka moja, Kikuria huzungumzwa pande zote mbili, Kijaluo huingia kutoka Migori mjini na Nyatike kwa upande wa Kenya na kutoka Rorya kwa upande wa Tanzania, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha wote. Kinachowatoa watu majumbani usiku wa Jumamosi katika ukanda huu, kuanzia mpakani kupitia Migori hadi Homa Bay na Mbita, ni benga na ohangla, na shabiki wa Isebania mwenye bendi anayoipenda haoni ajabu kupanda matatu kwenda kuifuata Migori, takriban kilomita 20 kaskazini, akijua kabisa kwamba gari la kurudi halitapatikana hadi asubuhi.

Benga ni muziki wa gitaa uliokomaa miongoni mwa Wajaluo katika miaka ya 1960, pale wapigaji walipohamishia kwenye gitaa mbinu za nyatiti, ambayo ni ala ya nyuzi 8 inayopigwa mpigaji akiwa ameketi chini, pete ya chuma iliyovishwa kidole cha mguu ikigonga ubao wa ala yenyewe na njuga ziitwazo gara zikilia mguuni. Wakurya wana ala iliyo ndugu yake, iritungu, yenye nyuzi 8 vilevile, jambo linaloeleza kwa kiasi fulani kwa nini sikio la Mkurya wa Isebania halihitaji mkalimani mbele ya bendi ya Wajaluo. Katika benga gitaa la solo ndilo linalofungua na ndilo linalofunga: huanza peke yake kwa nyuzi nyembamba, likaungwa mkono na rithimu na besi inayorukaruka badala ya kutembea, waimbaji wakaingia na kusimulia kisa chao, kisha sauti zikanyamaza na kuliachia gitaa uwanja katika sehemu ya pili ambayo wachezaji walikuwa wakiisubiri tangu mwanzo. Santuri za mizunguko 45 kwa dakika ziliukata wimbo wa namna hii vipande viwili, hata mnunuzi wa miaka ya 1970 akawa anasikiliza kisa upande wa kwanza na kugeuza santuri ili acheze. Ukumbini hakuna kugeuza, na hiyo ni sababu mojawapo inayomfanya shabiki wa kweli aidharau rekodi hata kama anazo zote.

Ohangla ina asili nyingine. Ni muziki wa ngoma ndefu nyembamba zilizowambwa ngozi ya kenge, pamoja na orutu, ambayo ni zeze la waya mmoja linalopigwa kwa upindi, na kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa wa watu wazima, wa misibani na harusini, wenye maneno yasiyofaa kusemwa mbele ya wakwe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tony Nyadundo na wenzake waliutoa vijijini wakauingiza katika kumbi za mijini, kinanda cha umeme kikaongezwa, na waimbaji wa kike kama marehemu Lady Maureen wakaonyesha kwamba mwanamke anaweza kuushika usiku mzima bila kumwazima mtu sauti.

Wanaodhani kwamba uhuru wa mwanamuziki kutoa rekodi yake bila kampuni kubwa ulizaliwa Manchester wangefaa kuisoma historia ya River Road, mtaa wa Nairobi ambao katika miaka ya 1970 ulijaa maduka ya santuri yaliyokuwa pia wachapishaji, mapromota na mabenki ya wanamuziki. Phares Oluoch Kanindo, mtu wa Nyanza Kusini ambaye baadaye aliingia bungeni, alizisambaza santuri za benga mbali sana na Ziwa Victoria, hata nchini Zimbabwe muziki huo ukaitwa kanindo kwa jina lake, na wapiga gitaa wa huko wakautumia katika kuunda sungura, ambayo hadi leo ni muziki wa watu wa kawaida nchini humo. Mwaka 2008 taasisi ya Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, ilikusanya sehemu ya habari hizi katika kitabu na filamu kuhusu benga, kazi ambayo haijapata msomaji wa kutosha hata katika kaunti zinazozungumziwa humo.

Bendi za ukanda huu hufuata fedha, na fedha hapa zina majira yake. Kuria hulima tumbaku na mahindi, Awendo hulima miwa ya kiwanda cha SonySugar, Macalder na vijiji jirani huchimba dhahabu, na fuo za Homa Bay na Mbita huishi kwa omena, dagaa wa ziwani ambao huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Promota anayeijua kazi yake hapeleki bendi ufukweni wakati wa giza, kwa sababu wateja wake wote wako majini. Hungoja mbalamwezi, samaki wasipofuata taa na wavuvi wakiwa nchi kavu na fedha mfukoni. Ni vigumu kukuta kalenda ya muziki ya jiji lolote kubwa iliyofungamana na anga kiasi hicho.

Hata hivyo linaloutofautisha usiku huu na maonyesho mengine ya muziki ni pakruok. Hii ni desturi ya Wajaluo ya kujigamba hadharani kwa maneno mafupi yenye mpangilio: shabiki hulipa, muziki hukatwa, naye hupewa nafasi ya kutaja jina lake la sifa, kwao, marafiki anaokunywa nao, mpenzi wake, na mara nyingi fumbo au mzaha juu ya jambo lisilohusiana kabisa na hayo yote, kisha bendi huendelea pale ilipoachia. Ukitazamwa kwa karibu, utaratibu wake una nidhamu kuliko inavyodhaniwa. Noti iliyokunjwa kwa urefu huinuka juu ya vichwa; mwimbaji kiongozi, ambaye jicho lake halijawahi kutoka kwa watu, huinua kiganja; mpiga solo huachia nyuzi katikati ya mzunguko, mpiga dramu hubaki na sahani moja inayolia kidogo kidogo, na besi huendelea kudunda chini kwa chini ili miguu isisahau ilipo. Anayejigamba ana muda mfupi sana. Akisema vizuri, ukumbi humjibu kwa kicheko au kwa kelele. Akijikwaa au akirefusha, mpiga dramu humkatiza kwa pigo moja na magitaa yote hurudi kwa pamoja, na hakuna aibu inayoshinda hiyo. Kisha wimbo unaanza upya kwa nguvu zaidi, kwa kuwa kila kusimama kumewaongezea wachezaji hamu.

Pwani wapo watakaosema kwamba jambo hili halina ugeni, kwa sababu taarabu nayo ina kutunza, yaani shabiki kwenda mbele na noti wakati unapoimbwa ubeti anaotaka umchome mbaya wake. Ulinganisho huo una manufaa kwa sababu unaonyesha tofauti. Mtunzaji wa Zanzibar au Mombasa husema kwa kinywa cha mshairi. Huchagua ubeti, hutembea kwa madaha, na maana huachwa ielee ukumbini ili mwenye kuelewa aelewe. Mwenye kutoa pakruok hutunga mwenyewe, husema kwa sauti yake na hubeba mwenyewe lawama ya maneno mabovu. Kwa dakika yake fupi yeye ndiye mwimbaji, na bendi ndiyo inayomsikiliza. Punk iliruhusu shabiki apande jukwaani na kujirusha juu ya mikono ya wenzake, jambo ambalo lina raha yake, lakini haikumpa hotuba. Dereva wa bodaboda wa Isebania aliyejigamba kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikuria mbele ya watu waliokuja kumsikiliza mtu mwingine amepewa zaidi ya alichopewa kijana wa London.

Ujasiri wa muziki huu mbele ya wakubwa una jina kubwa kutoka mpaka huuhuu. Daniel Owino Misiani, anayejulikana kama D. O. Misiani, alizaliwa mwaka 1940 Nyamagongo, eneo la Shirati nchini Tanzania, kwa wazazi walioshika dini na wasiopenda gitaa, akavuka kuja Kenya, na kuanzia katikati ya miaka ya 1960 akajenga bendi iliyojulikana baadaye kama Shirati Jazz. Kutokana na mtindo wake wa kuficha siasa ndani ya visa vya wanyama, vya Biblia na vya kale, mashabiki walimwita Mfalme wa Historia. Serikali ya Kenya ilimkamata zaidi ya mara moja, na kila mara kulikuwa na silaha ya ziada ambayo haikuweza kutumiwa dhidi ya mwimbaji mzaliwa wa Kenya: tishio la kumrudisha ng'ambo ya mpaka. Mtu aliyefanywa babu wa muziki wa taifa alibaki mgeni kwenye karatasi. Naye Ochieng' Kabaselleh, mwenye sauti laini iliyoazima mengi kwa rumba ya Kongo, alifungwa katika miaka ya 1980 kwa madai ya uchochezi, akarejea kwenye muziki muongo uliofuata. Misiani alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu tarehe 17 Mei 2006, akiwa bado anapiga, na mtu anayetaka kuelewa kwa nini watu wa Rorya na wa Migori huona muziki huu kuwa mali ya shamba moja anaweza kuanza na maisha yake, kwa kuwa alifanya kazi upande mmoja na kutishwa upande huohuo kwa sababu ya kuzaliwa upande wa pili.

Hapo huja pingamizi ambalo ni la haki. Msanii wa punk anajivunia kutomsifu mtu, ilhali benga na ohangla zimejaa sifa za kulipiwa, na Misiani mwenyewe, pamoja na ukali wake, aliwaimba wafadhili kwa majina. Muziki unaoweza kusimamishwa na noti unaweza pia kuelekezwa na noti. Pingamizi hili linakosea katika jambo moja tu, kwamba linachanganya mtu mmoja kununua dakika yake na mtu mmoja kununua usiku wa wengine. Pakruok ya kawaida ni biashara ya rejareja: bei yake ni ndogo, wanunuzi ni wengi, na hakuna anayeweza kuongea kwa muda mrefu bila kuchokwa. Majigambo ya fundi viatu yanafuatwa na ya mwalimu, ya mwalimu yanafuatwa na ya mama wa omena, na ukumbi huyapima yote kwa mizani ya ucheshi wake. Ni sawa na soko la Jumanne ambapo mwenye fungu moja la sukuma naye ana meza. Fedha hapo zinafanya kazi ya kupanga foleni.

Kinachoharibu ni jumla. Kila uchaguzi unapokaribia, mtu anayetafuta kura hulipia ukumbi, bia na bendi, kiingilio kinafutwa, na kuanzia saa nne usiku jina moja linarudi katika kila wimbo hadi wachezaji wanaacha kulisikia. Noti ya fundi viatu hainyanyuki tena, kwa sababu mwimbaji hawezi kumkatiza aliyelipa yote ili kumpa nafasi aliyelipa kidogo. Wengine hawaijaribu bahati yao kabisa. Kinachoitwa ukarimu hapo ni kuwanyang'anya watu vipaza sauti kwa kuwapa bia. Aliye ughaibuni naye, anayetuma fedha kwa simu ili atajwe kwenye video, huchangia uharibifu huo kwa kiasi kidogo zaidi, kwa kuwa hupata sifa bila kukabili kicheko cha ukumbi, na pakruok isiyoweza kuchekwa imekwisha kuwa tangazo.

Sheria nayo ina sehemu yake katika kuupunguza usiku wa bendi, ingawa si kubwa kama wenye kumbi wanavyolalamika. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo Wakenya huiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka, huifunga baa ya kawaida saa tano usiku, wakati ambapo bendi ya benga ndiyo kwanza imemaliza kupasha moto vyombo, na kanuni za kelele za 2009 humpa jirani aliyekosa usingizi pa kushika. Disko matanga, yaani ngoma za usiku kucha zinazopigwa kwenye misiba, zimepigwa marufuku mara kwa mara na wakuu wa utawala wa Nyanza kwa sababu ya usalama wa watoto wa shule, na sababu hiyo ina uzito. Lakini marufuku hayo yaliondoa pia jukwaa ambalo bendi changa isiyo na fedha za kukodi ukumbi ilikuwa ikijifunzia kazi. Mwenye ukumbi aliyebanwa na leseni hukimbilia kwa didjei, ambaye gharama yake ni ndogo na flashi yake ina nyimbo zote. Didjei anaweza kuzima wimbo ili mtu ajigambe, na wengine hufanya hivyo, lakini rekodi haijui ilimkatizia nani na haiwezi kurudi kwa nguvu zaidi kwa sababu ya alichosema. Kinanda cha umeme cha ohangla, ambacho wazee wa benga hukilaumu kila wanapopata nafasi, hakina kosa hili, maana kinashikwa na mtu aliyemsikia shabiki kwa masikio yake.

Suluhisho halimo katika kumfukuza mwanasiasa mlangoni, kwani naye ni shabiki na baadhi yao hucheza vizuri kuliko wanavyotunga miswada. Limo katika kanuni ambayo bendi zenyewe zinaweza kuiweka kabla ya kampeni za 2027 kupamba moto: bei moja ya pakruok inayotangazwa mlangoni, zamu moja kwa kila mtu ndani ya wimbo mmoja, na mkataba wa kukodi bendi usiomzuia shabiki mwingine kulipa na kusema. Kanuni hiyo itazigharimu bendi, kwa sababu mlipaji wa jumla akinyimwa usiku mzima huenda akatafuta kundi lingine lililo tayari kuuza, na wanamuziki wa ukanda huu hawana akiba ya kuvumilia mwezi mtupu. Bendi yenye jina kubwa ndiyo inayoweza kuanza, kwa kuwa hiyo haikodiwi kwa hisani, hukodiwa kwa sababu bila yenyewe watu hawatajaa.